Kwa Mume Ndiko Kwetu

Kijiji chetu kinaitwa Kwa Mume. Mwenye kucheka acheke amalize, mimi nitamsubiri. Wajukuu wangu wanaosoma Musoma, waliopanga chumba kule Kitaji, wakiulizwa kwao ni wapi wanajibu "njia ya Butiama" halafu wananyamaza. Mmoja wao alikuja likizo na pendekezo lake. "Babu, kwa nini msiombe jina libadilishwe? Tuite Amani. Au Mwangaza." Nikamwambia hizo Amani na Mwangaza ziko kila wilaya, hata barua inapotea njiani haijui iende ipi. Kwa Mume ni moja tu Tanzania nzima. Nikamkalisha chini nikamweleza. Nilipomaliza nikaona heri niandike, maana vijana wa siku hizi wanakusikiliza kwa sikio moja, la pili liko kwenye redio.

Shule sikusoma ya kutajika. Nilikaa kwa katekista mpaka nikazijua herufi na kujumlisha, kisha nikatolewa kwenda kuchunga. Mashine ya kusaga, duka, nyumba ya bati, vyote nimevipata kwa mgongo wangu na migongo ya punda wangu. Maneno ya kupambwa sina. Nitasema ilivyokuwa.

Enzi za Mwingereza, mlima wetu haukuwa na jina la kukaa watu. Wachungaji waliuita Mafisini, kwa sababu chini ya yale majabali makubwa fisi walikuwa wakizaana kama panya. Vichaka vilijaa mbung'o, na ng'ombe aliyepita huko alirudi kufa. Serikali ikamwamuru mtemi, mtemi akawaamuru watu, vichaka vikafyekwa vyote na kuchomwa. Mbung'o wakaondoka. Fisi walibaki, na watu wakaogopa kuhamia. Mlima ukakaa hivyo, mweupe, majani mazuri, hakuna mtu.

Chini ya mlima kuna mahali panaitwa Darajani. Msihangaike kulitafuta daraja, halijawahi kuwapo. Serikali ilileta magogo ya daraja ikayalaza kando ya mto, wajenzi wakachelewa kuja, na walipokuja magogo yalikuwa yameshakuwa boriti za nyumba za watu. Jina likabaki. Ukipita hapo kuna kona wanayoiita Lori, ndipo lori la kwanza la jineri ya Bunda, kile kiwanda cha kuchambua pamba, lilipozama kwenye tope mpaka nyasi zikaota ndani yake. Nayasema haya mjue kwamba huku kwetu mahali hapapewi jina na mtu mwenye kalamu. Pananyakua jina lake penyewe, na likishanyakuliwa halirudishwi.

Sasa nije kwa Bibi.

Bibi aliolewa Darajani akiwa msichana. Alizaa mabinti tu, na mabinti wakaolewa, mahari yao ikaingia zizini. Mumewe akafa. Ndugu wa mumewe, yaani shemeji yake, akaja kumrithi kama ilivyokuwa desturi. Mama yangu alinisimulia Bibi alivyomjibu akiwa amekaa na kiko chake mdomoni.

"Shemeji, nakushukuru. Lakini mimi kupika kumenichosha."

"Nani kasema habari ya kupika? Nimekuja kwa heshima ya kaka."

"Heshima ya kaka yako inakula saa ngapi?"

Shemeji akaondoka amenuna. Haikupita muda, Bibi akafungua zizi, akatoa wale ng'ombe wa mahari ya mabinti zake, akapanda nao Mafisini peke yake. Akajenga kibanda kati ya majabali mawili, akazungushia boma la miiba nene, na fisi wakapiga kelele zao nje mpaka wakachoka. Watu wa chini walingoja kusikia ameliwa. Wengine wangali wanangoja.

Kisha akafanya jambo ambalo katika mkoa huu si geni, ila kwa mjane aliyemkataa shemeji yake lilikuwa kama kumtemea mate. Alioa. Tunaita nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke mwingine kwa niaba ya mtoto ambaye hakumzaa, na watoto watakaopatikana ni wa nyumba ile. Ng'ombe walihesabiwa mbele ya wazee, kama ndoa nyingine yoyote, na mama yangu akaletwa mlimani. Mwanaume aliyenizaa alikuwa wa ukoo mwingine. Alijulikana, hakufichwa, na hakuwa na kauli juu yangu hata ya kuniambia nikanawe uso. Mama alimwita Bibi "Mama." Mimi nilimwita Bibi. Watu wa Darajani walimwita Mume.

Walimwita hivyo kwa kejeli, tusidanganyane. Kisimani ndiko kulikokuwa na shughuli.

"Jamani pisheni, Mume amekuja kuchota maji!"

"Makubwa! Mbona waume zetu hawachotagi?"

Bibi anajitwika mtungi wake bila haraka. "Ndiyo maana kwenu maji hayakaagi."

Mgeni akiuliza njia ya kupanda mlimani, wanamwelekeza kwa kidole huku wanacheka: "Unaenda kwa mume? Pita hapo." Mwaka kwa mwaka, mpaka watoto waliozaliwa wakaikuta kauli hiyo na kudhani ndilo jina la mlima tangu dunia iumbwe.

Kilichoigeuza kejeli kuwa sifa ni samli.

Wakati ule samli ilikuwa biashara kubwa huku. Kila nyumba yenye ng'ombe ilisuka maziwa kwenye kibuyu, ikatoa siagi, ikaichemsha, ikaipeleka Bunda. Lakini wengi walichemshia ndani, kwenye moto wa kinyesi cha ng'ombe, na samli ikatoka inanuka moshi na ina mashapo chini. Bibi alichemshia nje, juu ya jabali, kwa kuni kavu zisizo na moshi, asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaanza. Kibuyu alikiosha kwa maji ya moto na kukianika kwenye jabali lilelile mpaka kikalia kama ngoma ukikigonga. Hakumruhusu mtu yeyote kuonja kwa kidole. Mimi nilichapwa kwa sababu ya kidole hicho, na nilistahili. Samli yake ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na ikiganda ilifanya chembechembe kama sukari.

Pale Bunda alikuwapo mfanyabiashara mmoja Mwislamu, asili yake Tabora, mtu wa kanzu safi na ulimi mkali. Alinunua ngozi na samli. Bibi alipomfikia mara ya kwanza, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni kwa mama, yule mzee alidondosha tone nyuma ya kiganja, akanusa, akalamba, akafumba macho.

"Hii umeitoa wapi, mama?"

"Kwa Mume," Bibi akasema.

"Mume wa nani?"

"Mume ni mimi."

Mama anasema yule mzee alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanzu. Akachukua brashi ya rangi akaandika ubavuni mwa debe: KWA MUME. Akaliweka peke yake juu ya rafu, mbali na madebe ya wengine. Tangu siku hiyo wenye hoteli na mafundi wa kupika waliokuja kununua pale walisema, "Sitaki ya chini hiyo, nipe Kwa Mume." Habari ikafika hadi Musoma mjini. Kwenye shughuli za watu wa huko, mpishi akitaka kujisifu alikuwa anasema pilau yake imekaangwa kwa Kwa Mume.

Ndipo watu wakaanza kupanda mlima. Kwanza wajane. Kisha mwanamke aliyegombana na mumewe, kisha mume mwenyewe akamfuata mkewe na mbuzi wake, akabaki. Bibi alimpa kila mtu sehemu yake kwa kusimama juu ya jabali na kunyoosha fimbo: wewe kutoka hapa mpaka kwenye ule mti, wewe kutoka kwenye mti mpaka korongoni. Hakuwatoza kitu. Alidai jambo moja tu, kila anayesuka maziwa mlimani ayachemshe kama anavyochemsha yeye. Aliyekataa alirudi Darajani. Hivyo ndivyo kijiji kilivyozaliwa, na mimi nimekiona kikizaliwa, sikusimuliwa.

Na watu wa Darajani? Wakaendelea kucheka kisimani, ila samli yao ilikuwa haipandi bei. Basi wakaanza kuipeleka Bunda na kusema imetoka Kwa Mume. Shemeji wa Bibi, mimi nilimwita babu mdogo, ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mfanyabiashara alimbaini kwa pua, akamwambia, "Mzee, Kwa Mume hii imepita jikoni kwako ikapumzika." Alimnunulia hivyohivyo, kwa bei ya chini.

Nilipokuwa kijana wa kuoa, pamba ilikuwa imepamba moto. Miteremko ya mlima wetu, ile ambayo hakuna aliyeitaka, ikaonekana ni udongo wa pamba. Mimi nilikuwa nimeshaanza kazi ya punda, napeleka samli na pamba Bunda, narudi na chumvi na vitambaa. Nilikuwa nimempata msichana wa upande wa Butiama, kwao Wakristo wenye kujiheshimu, wamekubali posa. Ng'ombe wa mahari walikuwa zizini kwa Bibi, wamechaguliwa tayari, na mama yake binti ameshaanza kuongea na majirani.

Hapo ndipo babu mdogo alipotuma neno. Alisema ng'ombe wale ni wa marehemu kaka yake, maana ni mahari ya mabinti wa kaka yake. Ardhi ya mlimani imefunguliwa kwa ng'ombe hao, kwa hiyo nayo ni ya ukoo. Na nyumba ile haina mwanaume. Kijana anayetaka kuoa ni mtoto wa ukoo mwingine, amelelewa tu, apewe chakula na shukrani arudi kwa aliyemzaa.

Mwelewe hilo neno lilikuwa na maana gani kwangu. Likipita, sina ng'ombe, sina shamba, sina mke, sina ukoo. Wakwe zangu wa Butiama walipolisikia walituma mtu kwa adabu kusema wanangoja kwanza. Kungoja kwa wakwe kila mtu anajua kunakoelekea.

Shauri likapelekwa kwenye baraza la mtemi. Lilikuwa banda refu la nyasi lenye viti vya udongo pembeni, mtemi kwenye kiti chake cha mbao, amevaa koti la Kizungu juu ya shuka, na wazee wa baraza kulia na kushoto. Watu walijaa hadi nje. Darajani walikuja wote. Mlimani tulikuja wote. Hata yule mfanyabiashara wa Bunda alikuja, anasema amefuata ngozi, lakini ngozi siku hiyo hakuiulizia.

Babu mdogo alikuwa msemaji. Alisimama akaeleza vizuri mno, mpaka na mimi nikaanza kujiona mgeni. Mzee mmoja wa baraza akamuuliza:

"Mama wa kijana huyu alitolewa mahari?"

"Walitoka ng'ombe."

"Waliotoka walikuwa mahari au matembezi?"

Watu wakacheka. Babu mdogo akajikaza. "Mzee wangu, ng'ombe walitoka. Lakini sisi wenye ukoo ndoa hiyo hatukuitambua. Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu, ni mjane, basi. Kule kwetu hakuna mtu hata mmoja anayemtambua kuwa mume. Hakuna. Na kama yeye si mume, yule si mke, na huyu kijana si mtoto wa nyumba."

Lilikuwa neno zito. Wazee waliinamiana wakanong'ona. Desturi yetu inataka ukoo uitambue ndoa, si ng'ombe peke yao. Nilimtazama mama yangu, akawa anatazama vidole vya miguu yake.

Bibi alikuwa amekaa upande wa wanaume, kwenye kigoda alichokuja nacho. Hakuna aliyekuwa amethubutu kumhamisha. Akatoa kiko mdomoni. "Mtemi, naomba nimuulize shemeji yangu swali moja. Kisha mnifunge mkitaka."

"Uliza, mama."

"Shemeji."

"Naam."

"Samli yako unaiuzaga wapi?"

"Bunda. Kila mtu anauza Bunda."

"Ukifika pale dukani, mwenye duka akikuuliza imetoka wapi, unamjibuje?"

Babu mdogo akageuka kuwatazama watu wa Darajani.

"Si swali gumu," Bibi akasema. "Unalijibuga kila mwezi."

"Inatoka... inatoka Darajani."

Kutoka nyuma ya watu ikasikika sauti ya kikohozi, kikohozi cha mtu wa kanzu. Wanawake wa Darajani, walewale wa kisimani, walishindwa kujizuia. Wao ndio waliobeba madebe hayo kichwani hadi Bunda. Mmoja akapasuka kwa kicheko, na wenzake wakapokea, na banda zima likaitikia kama darasa la watoto: "Kwa Mume!"

Mtemi alicheka hadi akashika tumbo la koti lake. Aliponyamaza akauliza, "Mzee, hebu nisaidie. Mume mwenyewe ni yupi?"

Babu mdogo akaanza kukung'uta vumbi kwenye shuka yake.

"Kumbe ukiwa Bunda unamtambua," mtemi akasema, "ukija kwangu unamsahau? Kwa samli anaweza kuwa mume, kwa ng'ombe hawezi?"

Wazee hawakuchukua muda. Walisema ndoa ilitambuliwa, na aliyeitambua kwa sauti kubwa kuliko wote ni ukoo wenyewe, kwa midomo yao, kisimani na sokoni. Watoto ni wa nyumba. Ng'ombe ni wa nyumba. Mlima ni wa yule aliyelala nao wakati wengine wanaogopa fisi. Mtemi akataka kumtoza babu mdogo dume la ng'ombe kwa kulisumbua baraza.

Bibi akakataa. "Dume lake akae nalo. Mimi nataka kazi yake."

"Kazi gani?"

"Mjukuu wangu anaoa. Desturi inataka mzee wa ukoo awapeleke ng'ombe kwa wakwe na kusema nao. Mimi nitabaki nyumbani nikichemsha samli. Mzee wa ukoo ni huyu."

Babu mdogo akaichomeka fimbo yake ardhini. Nilidhani atakataa. Lakini kukataa kazi hiyo mbele ya mtemi kulikuwa sawa na kusema yeye si mzee wa ukoo, na hilo lisingemtoka mdomoni hata kwa kiboko. Akasema, "Nitakwenda."

Akaja kweli. Siku tulipoondoka alifika mlimani alfajiri na fimbo yake nzuri, amejipaka mafuta, hakumsalimia mtu ila ng'ombe. Njiani hakunisemesha. Kuna mtamba alikuwa akikaidi kila tukifika penye maji, na yeye ndiye alimtuliza, akimwongelesha taratibu na kumkuna shingoni. Nilimtazama nikajua mtu huyu ng'ombe anawajua, na nikaona fahari kwamba wangu wanasukumwa na mkono kama ule.

Tulifika kwa wakwe jua limepanda. Wanaume wa kwao walikuwa wamejipanga nyuma ya boma, mlango umezibwa kwa matawi ya miiba, kama ilivyo desturi. Nyuma yao wanawake wametega masikio. Habari ya baraza ilikuwa imetutangulia, niliiona kwenye nyuso zao, walikuwa wanabana midomo wasicheke. Mkwe mkubwa, baba mkubwa wa binti, akapaza sauti.

"Hodi zenu tumezisikia. Ninyi ni nani?"

"Ni wageni wema," babu mdogo akajibu.

"Wageni wema tunao wengi. Mmetoka wapi?"

Ng'ombe walikuwa wakisukumana nyuma yetu. Babu mdogo alisimama wima. Akaondoa kofia yake, mpaka leo sijui kwa nini aliiondoa, akasema kwa ile sauti yake ya baraza, sauti ya kusikika mbali:

"Tumetoka Kwa Mume."

"Mume yupi huyo?" Mkwe hakumwachia.

"Ni shemeji yangu. Aliolewa na kaka yangu, na yeye akaoa. Huyu kijana ni mjukuu wake, na hawa ng'ombe ni wake, na hakuna wa kuwadai. Ninayesema ni mimi, mwenye ukoo."

Mwanamke mmoja kule nyuma akapiga kigelegele kabla ya wakati wake, wakamnyamazisha, akapiga tena. Mkwe mkubwa akageuka akawaambia vijana wake waondoe miiba. Wakaivuta tawi moja baada ya jingine, na yule mtamba mkaidi akawa wa kwanza kuingia.